Dawa za Moyo Ulioshindwa: Ipi Inunuliwe Kwanza?



Maradhi ya moyo kushindwa kusukuma damu yana tabia moja inayomtaabisha kila mwenye kushika daftari la matumizi, nayo ni kwamba hayaishi kwa dozi, bali humganda mgonjwa umri wake wote uliosalia, na kila mwezi hudai fungu lake. Utafiti wa THESUS-HF, uliowafuata wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika na kuchapishwa mwaka wa 2012, ulionyesha kuwa wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, yaani watu ambao aghalabu ndio tegemeo la nyumba. Basi alazwapo mmoja wao, miguu imevimba na pumzi hazitoshi, hasara haiishii kwenye malipo ya kitanda.

Kanuni ya wachumi wa afya ni kuigawanya gharama inayoongezeka kwa faida inayoongezeka, na faida hiyo kuihesabu kwa miaka ya uhai iliyopunguzwa kwa kadiri ya dhiki ya mgonjwa. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Uzito umo katika kuuliza dawa imelinganishwa na nini.

Katika utafiti wa RALES wa mwaka wa 1999, wagonjwa 1,663 waliozidiwa sana walifuatwa kwa muda wa miaka 2 hivi, wakafariki 46 katika kila 100 waliopewa kidonge kisicho na dawa, na 35 katika kila 100 waliopewa spironolaktoni. Katika utafiti wa PARADIGM-HF wa mwaka wa 2014, uliokuwa na wagonjwa 8,399, dawa mpya ya sakubitrili na valsatani ilishusha vifo kutoka asilimia 19.8 hadi 17 kwa miezi 27. Mwenye pupa atasema kwamba kuokoa roho moja kwahitaji kutibu watu 9 kwa ile kongwe na 36 kwa ile mpya, akaifunga kesi. Hukumu hiyo si ya haki, maadhali wagonjwa wa RALES walikuwa na hali mbaya zaidi, na dawa mpya ilishindanishwa na enalaprili, dawa ambayo utafiti wa SOLVD ulikwisha kuithibitisha tangu mwaka wa 1991. Lililo sahihi ni kwamba sehemu kubwa ya uhai unaoweza kununuliwa imo katika vidonge vya bei nafuu, na kile kinachobaki juu yake ndicho kinacholipiwa kwa bei kubwa.

Hata hivyo kidonge rahisi nacho kina gharama zake zilizojificha. Huko Ontario, Kanada, matumizi ya spironolaktoni yalipopanda ghafla baada ya RALES, wazee wenye moyo ulioshindwa waliokuwa wakitumia pia dawa za jamii ya enalaprili walizidi kulazwa kwa sababu ya potasiamu kuzidi mwilini, kutoka 2.4 hadi 11 kwa kila 1,000, kati ya miaka ya 1994 na 2001. Asiyepima damu, basi, hajanunua tiba. Amenunua hatari kwa bei nafuu.

Nchini Uingereza, NICE, taasisi inayopima kama dawa inastahili bei yake, kwa miaka mingi iliweka mpaka wa gharama wa pauni 20,000 hadi 30,000 kwa mwaka mmoja wa uhai wenye siha. Mpaka huo una maana pale inapolipa hazina ya serikali. Kwetu, mara nyingi mlipaji ni yule mama aliyesimama dirishani mwa duka la dawa, mwuzaji akimkatia kwa mkasi vidonge vya siku 5 kutoka pakiti ya 10, kwa kuwa fedha alizofunga katika pindo la kanga zimefikia hapo. Na sijaona bado jedwali la wachumi lenye safu ya mkasi huo.

Rai yangu ni kwamba fungu la kwanza liende kwenye enalaprili, bisoprololi, spironolaktoni na dawa ya kupunguza maji, zipatikane mwaka mzima bila kukatika, na dawa mpya apewe yule ambaye hizo amezitumia barabara na bado anakosa pumzi. Na kila hospitali ya wilaya iulizwe, kabla ya kuandika maombi ya dawa yoyote ya ghali: vitendanishi vya kupima potasiamu hudumu mwezi mzima, au huisha wiki ya pili?