Hekta Zimehesabiwa, Mgonjwa Hajatajwa

Kuhusu bangi ya dawa, Afrika Mashariki imezungumzia hekta. Tangu Rwanda itoe amri ya waziri ya tarehe 25 Juni 2021, inayoweka masharti ya leseni za kulima, kusindika na kusafirisha bangi ya dawa, kila penye mazungumzo pana mtu anayepiga hesabu. Bodi ya Maendeleo ya nchi hiyo ilisema hekta moja yaweza kuingiza hadi dola milioni 10, wakati hekta ya maua iliingiza dola 300,000. Wasikilizaji wamezisikia hesabu hizo. Wamesikia pia habari za uzio, walinzi na kamera za usalama.

Mgonjwa hajatajwa.

Wala hili si geni. Septemba 2018, Ken Okoth, mbunge wa Kibra, aliomba Bunge la Kenya limsaidie kuandaa muswada wa kuhalalisha bangi, na matumizi ya tiba yalikuwa sehemu ya hoja yake. Julai 2019 saratani ya utumbo mpana ikamwondoa duniani, na muswada haukufika mbali. Mei mwaka huohuo, mjini Dodoma, mbunge wa Kahama Mjini, Jumanne Kishimba, aliitaka Serikali iruhusu bangi ya dawa. Kilichovuma zaidi kikawa biashara. Lesotho ilifungua mlango mwaka 2017, Zimbabwe 2018, Malawi 2020. Leseni, wawekezaji, mauzo ya nje. Mgonjwa hajatajwa.

Na mgonjwa yupo. Yupo anayetapika mchana na usiku baada ya tibakemia. Kwa ajili yake Marekani iliidhinisha vidonge vya dronabinol, vyenye kemikali ya bangi, tangu mwaka 1985. Yupo mtoto mwenye kifafa kikali kisichosikia dawa za kawaida. Kwa ajili yake iliidhinishwa Epidiolex mwezi Juni 2018, dawa ya maji inayotokana na kanabidioli, kemikali ya bangi isiyolevya. Yupo mtu ambaye ugonjwa wa neva umemkaza misuli hata kugeuka kitandani ni mateso. Uingereza ilimwidhinishia Sativex, dawa itokanayo na bangi, mwaka 2010. Desemba 2020, huko Vienna, Kamisheni ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ilipiga kura 27 kwa 25 kuiondoa bangi katika jedwali la dawa hatari zaidi, kwa ushauri wa Shirika la Afya Duniani.

Redio hii haisemi kwamba bangi inaponya saratani. Haiponyi. Wala msokoto wa kijiweni si dawa: hauna kipimo, na kwa kijana ambaye ubongo wake bado unakua unaweza kuleta maradhi ya akili. Kinachozungumzwa hapa ni kupunguza maumivu, kichefuchefu na degedege, kwa kipimo kinachojulikana na chini ya macho ya daktari.

Lakini nani atazimudu dawa hizi? Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani, bei yake ilitajwa kuwa kama dola 32,500 kwa mwaka. Udongo uwe wa Afrika, jasho liwe la Afrika, kisha chupa irudi kwa bei ambayo mama wa Musanze, Mbeya au Kakamega hataiona maishani mwake? Oktoba 2020 Kigali ilipotangaza mpango wake wa bangi ya dawa ilisisitiza kwamba zao ni la kuuzwa nje, na matumizi ya bangi nchini yanabaki marufuku. Nchini Kenya, wakati huo sheria ya mwaka 1994 ilitoa kifungo cha hadi miaka 10 kwa anayekutwa na bangi ya kutumia mwenyewe.

Wapo wanaosema dawa kali namna hii ikiruhusiwa itaibwa na kuuzwa mitaani. Hofu hiyo ina jibu, na jibu liko karibu sana. Mwaka 1993 Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya maji, dawa ya maumivu iliyo hatari kuliko bangi, ikaanza kuwafikia wagonjwa majumbani, vijijini, kwenye chupa za plastiki za kawaida. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu hata wauguzi waliofunzwa tiba shufaa, yaani tiba ya kupunguza mateso ya mgonjwa, kuiandika. Rwanda yenyewe hutengeneza mofini ya namna hiyo na kuwapa wagonjwa bila malipo. Majirani hawa wawili wamekwisha kuonyesha kwamba dawa ya kulevya inaweza kudhibitiwa na bado ikamfikia anayeumia. Basi kisingizio kimebaki kipi?

Wabunge wa Nairobi, Dodoma, Kampala na Kigali, acheni kuanzia kwenye dola. Anzieni wodini! Sheria yoyote ya bangi ya dawa itenge fungu la dawa hiyo kwa ajili ya hospitali za hapa nyumbani kabla kontena la kwanza halijapanda ndege. Iwafunze madaktari na wauguzi. Iweke bei ambayo mkulima anaweza kulipa. Imwondolee mama wa mtoto mwenye kifafa hofu ya pingu.

Nawe msikilizaji, mbunge wako atakapokuja kukusimulia mabilioni ya bangi, msikilize kwa adabu, kisha mwulize mbele ya watu wote: mgonjwa wetu atapata nini, na atapata lini? Usiondoke mkutanoni mpaka akujibu.