Simu Mkononi ni Neema na ni Amana

 

Simu ya mkononi ni neema, wala hatuikanushi. Hapa Uganda, tangu mwaka 2009, mtu aweza kumpelekea mamake fedha za dawa kijijini kwa simu, zikafika saa ile ile. Zamani tulimpa msafiri, tukabaki kuomba dua.

Lakini chombo hicho hicho hubeba uwongo kwa mbio zizo hizo. Mimi mwenyewe nilipokea habari ya kifo cha mzee wetu mmoja, nikawapelekea wengine kabla ya kuuliza. Watu walifunga maduka, wakaja na sanda. Wakamkuta mzee barazani anakunywa chai. Binti yake, aliyekuwa mbali, alikwisha zirai. Niliwaomba radhi wote wawili, na haya ningali nayo.

Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuihakikisha habari, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Basi kabla kidole hakijabonyeza, na tuulize: Ni nani aliyeshuhudia?