Adabu Ifunzwe Nyumbani, Askari Abaki Kituoni

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya baadhi ya wazee wa chama katika sherehe za Uhuru, Houston, Texas)



Tumepewa dakika 10, na mshereheshaji ameshatuonyesha saa yake. Tunasema "sisi" kwa sababu tulioketi kuandika maneno haya tu wanne, na si kila jambo tulikubaliana. Hili tulikubaliana: sisi ni wahafidhina. Tunapenda ndoa, tunapenda ibada, tunapenda mtoto anayeamkia wakubwa bila kusukumwa mgongoni. Na ni sisi hao hao tunaosimama leo kupinga kipengele kinachopendekezwa katika katiba ya chama, kwamba mwanachama ambaye kijana wake "anaishi kinyume na maadili ya Kitanzania" asichangiwe harusi wala msiba.

Wapo walioshangaa. Wametuuliza, "Si ninyi wazee mnaolalamika kila siku kuhusu watoto wa hapa?" Ndiyo, tunalalamika, na tutaendelea. Kulalamika ni haki ya mzee. Kumnyima mtu nauli ya jeneza ni jambo jingine kabisa.

Tuanzie nyumbani. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Sketi fupi, mawigi, krimu za kujichubua na suruali za kubana vilipigwa marufuku Dar es Salaam kuanzia 1 Januari 1969. Tarehe yenyewe haikungojwa. Mwezi huo huo wa Oktoba makundi ya vijana wa kiume yaliwavamia wasichana Kariakoo kwa sababu ya mavazi yao, mpaka polisi wakaingilia. Waliofanya hivyo hawakujiona wahuni. Walijiona walinzi wa utamaduni.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana vijana wetu hawausikii shuleni. Katika miaka hiyo hiyo, Wamasai walikuwa wakishurutishwa waache lubega na wavae suruali. Yaani binti wa Dar es Salaam aliambiwa avue sketi kwa kuwa ni ya kigeni, na mzee wa Kimasai akaambiwa avae suruali, ambayo nayo haikuzaliwa Monduli. Utamaduni wa Kitanzania ulikuwa wapi hapo? Ulikuwa mkononi mwa aliyeshika rungu. Sisi hatuzipendi sketi fupi hata leo, lakini kati ya sketi fupi na rungu tunajua kipi kilichotutia hofu.

Tukumbuke pia kwamba bendera ilipanda 9 Desemba 1961 bila tamko la haki za raia ndani ya katiba. Haki hizo ziliingizwa mwaka 1984, na mwananchi aliweza kuzidai mahakamani kuanzia 1988. Miaka 27! Nchi ilikuwa huru. Mtu mmoja mmoja alisubiri foleni.

Huku tulikohamia nako si peponi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, jimbo la Nebraska lilipitisha sheria mwaka 1919 kukataza shule kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwaka uliofuata mwalimu mmoja wa shule ya kanisa, Robert Meyer, alimsomesha mtoto wa miaka 10 kwa Kijerumani, hadithi za Biblia. Akatozwa faini ya dola 25. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1923 majaji 7 dhidi ya 2 wakasema mzazi ana haki ya kuamua mwanawe afundishwe nini. Mwaka 1925 mahakama hiyo ikaizuia Oregon kuwalazimisha watoto wote kusoma shule za serikali. Akina mama mnaofundisha Kiswahili kila Jumamosi, mmejengewa uzio na kesi hizo. Waliotunga sheria ya Nebraska nao walisema wanalinda maadili, ya Kimarekani.

Na msusi je? Isis Brantley, mwanamke wa Dallas, alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka nywele bila leseni. Miaka baadaye serikali ya Texas ikamtaka, ili afundishe wengine kusuka kwa ajili ya leseni, awe na chuo chenye viti 10 vya kinyozi na masinki, wakati kusuka hakuhitaji sinki wala kiti cha kinyozi. Alishtaki. Januari 2015 mahakama ilimpa haki, na mwaka huo huo Texas ikafuta leseni ya kusuka. Dada zetu wanaosuka sebuleni na kusomesha watoto kwa fedha hiyo wajue jina hilo.

Kuna hoja moja nzito, nasi hatutaikwepa. Ndugu mmoja alisema, "Chama ni cha hiari, si serikali. Wahafidhina wanaopenda uhuru wanapaswa kukiachia chama kiweke masharti yake." Kweli. Chama kina haki hiyo, ndiyo maana tunaomba kura na hatujaenda kwa wakili. Lakini aliyelipa ada miaka 10 alilipia ahadi: ukifiwa, tutausafirisha mwili. Gharama yake ni maelfu ya dola. Huwezi kuibadilisha ahadi baada ya kupokea fedha, na umbadilishie kwa kosa la mtu mwingine, kijana wa miaka 24 anayelipa kodi yake ya nyumba. Tena nani atakaa kwenye kamati ya kupima? Wa bara na wa visiwani hatukubaliani hata kuhusu muziki wa harusi.

Vijana, msishangilie upesi. Uhuru huu unakata pande zote mbili. Baadhi yenu mmeandika mkitaka dua na sala ziondolewe kwenye mikutano, na sheikh na mchungaji waambiwe wasiguse habari za ndoa. Hapana. Hao nao wana midomo yao. Ukiishi na mwenzako bila ndoa hatutakuita polisi wala hatutamnyima mama yako rambirambi, ila tutakwambia tunavyoona, na bibi yako atakwambia mara mbili. Kukuachia uamue si kukupigia makofi.

Kuhusu bangi, kwa kifupi. Majimbo mengi yameiruhusu tangu Colorado na Washington zipige kura mwaka 2012. Hatuoni faida ya kumfunga mtu kwa msokoto, na hatuitaki majumbani mwetu. Ila msio raia sikilizeni vizuri: sheria ya shirikisho bado inaikataza, na inaweza kukuharibia makaratasi hata kama jimbo unaloishi limeiruhusu.

Kipengele hicho kitapigiwa kura kwenye mkutano mkuu wa Januari. Sisi wanne tutapiga hapana. Badala yake tunapendekeza sentensi moja: aliyelipa ada achangiwe. Mwenye ada ya nyuma haruhusiwi kupiga kura, na mweka hazina yuko pale mlangoni na kitabu chake. Watoto, mwendeeni mama mwenye kisu cha keki.