Si Kila Mnyororo ni wa Baiskeli Yako

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuzungumze juu ya mnyororo wa baiskeli, au cheni kama tulivyozoea kuuita. Pengine utasema huyu bwana amekosa la kutangaza. Subiri kidogo.

Mpwa wangu anafanya biashara ya samaki. Alfajiri huchukua mzigo Mikindani, akaupakia kwenye tenga nyuma ya baiskeli, akaukimbiza mjini Mtwara, kama kilomita 10, kabla jua halijawa kali. Pikipiki siku hizi zimejaa, lakini pikipiki inakunywa petroli na baiskeli hainywi kitu. Kijana akajikusanya, akanunua baiskeli ya mtumba, ile ya mashindano yenye gia na usukani uliojikunja kama pembe za kondoo dume.

Mnyororo ukakatika. Akaenda dukani, mwenye duka akamwuzia ule wa baiskeli za kawaida, za aina ya Phoenix. Kijana alipouliza kama utafaa, akajibiwa: "Cheni ni cheni, bwana." Ukafungwa. Ukawa unakwaruza, unakwama, unatoka. Akarudi, akauziwa mwingine, safari hii mwembamba na wa kipimo sahihi. Asubuhi ya pili, na tenga limejaa, akasimama juu ya pedali ili apandishe. Mnyororo ukaruka. Kijana akaanguka kifudifudi, jino likang'oka, na samaki wakatawanyika barabarani. Amelaumu fundi, fundi amelaumu baiskeli, na mwenye duka bado anasema cheni ni cheni.

Ndugu msikilizaji, cheni si cheni. Na kosa la mara ya kwanza si kosa la mara ya pili. Tuyatazame yote mawili.

Mnyororo wa aina tunayotumia ulibuniwa na Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, na aliupatia hataza mwaka 1880. Katika baiskeli zetu, kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kipimo hicho ni kimoja kwa baiskeli ya mizigo na ya mashindano. Ndiyo maana mnyororo wowote ukiuweka juu ya meno utaonekana umekaa, na hapo ndipo tunapodanganyika.

Tofauti iko kwenye upana. Mnyororo wa baiskeli isiyo na gia, kwa ndani, una upana wa sehemu moja ya nane ya inchi, zaidi kidogo ya milimita 3. Ule wa baiskeli ya gia una sehemu 3 za 32 za inchi au pungufu, karibu milimita 2.4. Kwa nje nao unapungua kadiri sproketi za nyuma zinavyoongezeka, kwa sababu zimebanana. Zikiwa 6, 7 au 8, mnyororo ni mmoja, wa karibu milimita 7. Zikiwa 9, ni karibu 6 na nusu. Zikiwa 10, ni karibu 6. Na zikiwa 11, ni karibu 5 na nusu. Zikiwa 12 unakuwa mwembamba zaidi, na hapo ni salama kununua ule uliotajwa na mtengenezaji wa gia zenyewe. Mnyororo mnene ukiulazimisha, unasugua sproketi ya jirani na kukwama katika kile chuma kinachouhamisha. Hilo ndilo kosa la kwanza.

Kwa hiyo ukienda dukani usiseme "nina baiskeli ya gia 12". Zamani gia 12 ilimaanisha sproketi 2 mbele na 6 nyuma. Leo yaweza kumaanisha sproketi 12 nyuma peke yake. Gia 21 ni 3 mbele mara 7 nyuma. Chuchumaa, hesabu sproketi za nyuma tu, na hesabu hiyo ndiyo uitaje dukani.

Kosa la pili limejificha. Mnyororo ukichakaa hurefuka, nao huyala meno ya sproketi yafanane na urefu wake mpya. Ukifunga mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika, hausimami imara. Ukikanyaga kwa nguvu, unaruka. Hilo ndilo lililomng'oa kijana jino.

Kipimo chake ni rahisi. Chukua futikamba ya seremala. Anzia katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24. Mnyororo mzima ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa sehemu moja ya 16 ya inchi, nunua mwingine mapema, kabla haujala meno. Ukizidi kwa sehemu moja ya nane, fahamu kwamba sproketi nazo huenda zimekwisha, basi badilisha vyote pamoja. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Shilingi uliyoibana kwenye mnyororo utailipa mara kadhaa kwenye sproketi.

Urefu usiupime kwa kulaza mnyororo mpya kando ya wa zamani, kwani wa zamani umekwisha kurefuka. Hesabu viungo. Na kama huna hakika kwamba wa zamani ulikatwa sawasawa, uzungushe mpya kwenye sproketi kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma, bila kuupitisha kwenye kile chuma cha gia, kisha uongeze inchi moja.

Sasa nazungumza na mafundi wetu wa chini ya mwembe. Pini ya mnyororo wa gia usiitoe kwa msumari na nyundo, kisha ukairudisha ileile. Ikishatoka, nguvu yake imepungua. Tumia pini mpya au kiungo cha kufungia cha kipimo hichohicho. Kile kibanio cha mnyororo wa Phoenix hapa hakina kazi, kitanasa.

Na sisi wa pwani tuna adui wetu, chumvi na mchanga. Aliyetoka Msimbati kwa baiskeli anajua ninachosema. Oili chafu ya gari usiitumie. Inashika mchanga na kuwa kama msasa. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, tia tone moja kila kiungo, kisha futa ya juu.

Mwisho, niwaombe wenye maduka. Mteja akija na mnyororo uliokatika mkononi, mwulizeni swali moja tu: nyuma zipo sproketi ngapi? Swali hilo halipunguzi faida yenu hata senti. Kwa yule anayemkimbiza samaki mjini kabla hajaharibika, ndilo linaloamua kama jioni atarudi nyumbani na fedha ya unga, au na mdomo uliovimba.