Tuyalinde Majina Tuliyokabidhiwa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za haki na amani za makanisa)



Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya madai makubwa ya Katiba na uchaguzi. Nalo ni diski ya kompyuta, na namna ya kuifuta barabara kabla ya kuweka mfumo endeshi mpya au kabla ya kuitoa mashine mikononi mwetu. Ndani ya diski hizo kuna majina ya mashahidi wa dhuluma, nambari za simu za mawakili, orodha za waangalizi wa vituo vya kura, na mambo ambayo waumini waliwaeleza wachungaji wao faraghani. Watu hao hawakuikabidhi kompyuta siri zao. Walitukabidhi sisi.

Wazee waliomo humu wanakumbuka tulikotoka. Mwaka 1986, katika msako wa Mwakenya, watu walifungwa kwa sababu ya vijikaratasi walivyopatikana navyo. Mwaka 1988, baada ya uchaguzi wa mlolongo, jarida la Beyond lililochapishwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa lilipigwa marufuku. Siku hizo mama aliweza kuitia karatasi katika jiko la makaa, na hatari ikaishia hapo. Diski haichomeki hivyo. Kifungu cha 2A kiliondolewa mwezi wa Desemba 1991, na leo Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu. Lakini haki iliyoandikwa katika Katiba haiwezi kumlinda shahidi ambaye jina lake limeuzwa sokoni pamoja na kompyuta kuukuu.

Jambo hili limekuwa la haraka kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wa kawaida wa Windows 10. Mashine nyingi za ofisi zetu ni za mtumba, na nyingine haziwezi kupokea Windows 11. Kwa hivyo kamati kadha zinaweka Linux, na nyingine zinauza mashine au kuzigawia shule. Uamuzi huo ni mwema, ila usifanywe kabla ya diski kufutwa.

Wengi wetu hudhani kwamba faili iliyotupwa katika kapu la taka, na kapu likamwagwa, imetoweka. Sivyo. Fikirini kitabu cha nyimbo ambacho mtu amechana ukurasa wa yaliyomo. Nyimbo zote zimo bado, na mwenye subira atazipata akifunua kurasa moja moja. Kompyuta hufanya vivyo hivyo. Huondoa jina la faili katika orodha yake na kuhesabu kwamba nafasi ile ni tupu, lakini maandishi hubaki mpaka mengine yaandikwe juu yake. Hata kuweka mfumo mpya hakutoshi. Mfumo ukichukua gigabaiti 20 katika diski ya gigabaiti 500, sehemu kubwa iliyosalia huenda bado ina barua zetu. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Siku hizi kata ni programu ya kurejesha faili, kama PhotoRec, ambayo hutolewa bure kwa yeyote.

Wala hayo si maneno ya kutishana. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa diski 158 zilizonunuliwa zikiwa zimetumika. Diski 129 zilifanya kazi. Kati ya hizo, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine mlikuwa na barua, habari za wagonjwa na maelfu ya nambari za kadi za benki.

Basi tufanyeje? Kwanza, hifadhini yanayostahili kuhifadhiwa. Wekeni nakala mbili mahali pawili mbalimbali, zikiwa zimefungwa kwa nenosiri kwa programu kama VeraCrypt. Kisha zifungueni nakala hizo katika mashine nyingine mhakikishe kwamba zinasomeka. Diski ikishafutwa barabara hakuna fundi wa kuwarudishia kitu.

Pili, tambueni aina ya diski mliyo nayo. Diski za zamani zina sahani za sumaku zinazozunguka. Hizo hufutwa kwa kuandika sifuri juu ya kila sehemu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anzisheni kompyuta kwa flashi yenye programu ya kazi hiyo, kama vile DBAN au mfumo wa Linux wenye amri ya shred. Chomoeni diski nyingine zote, msije mkafuta ile isiyohusika. Diski ya terabaiti 1 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde huhitaji karibu saa 3. Stima ikipotea katikati, anzeni upya.

Mtasikia mafundi wakisema lazima kuandika juu mara 35. Habari hiyo ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, naye mwenyewe alieleza baadaye kwamba diski za kisasa hazihitaji hayo. Mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uliotolewa mwaka 2014, ulikubali kwamba kwa diski za sumaku mara moja kwa kawaida hutosha.

Tatu, diski za SSD zisizo na sahani zina desturi nyingine. Ili zisichakae upesi, huhamisha maandishi kutoka chumba hadi chumba, na huwa na vyumba vya akiba ambavyo kompyuta haivioni. Ukiandika juu yake, masalio yanaweza kubaki humo. Hizi zifutwe kwa amri iliyomo ndani ya diski yenyewe, ambayo hupatikana kupitia programu ya kiwanda kilichoitengeneza au menyu ya kuanzishia mashine. Na kwa mashine mpya, ni afadhali kuifunga diski nzima kwa ufunguo wa siri tangu siku ya kwanza, kwa BitLocker au LUKS. Ufunguo ukiharibiwa, yaliyobaki ni herufi zisizosomeka.

Nne, diski iliyokufa haiwezi kufutwa, lakini fundi mwenye vifaa aweza kuisoma. Ivunjwe kabisa, sahani zake zipasuliwe, na vijisanduku vya kumbukumbu vya SSD vipondwe kimoja kimoja. Msiichome moto, kwani moshi wake ni sumu.

Ndugu zetu, hatuna budi kusema neno moja zaidi, maana kisu hiki hukata pande mbili. Sisi ndio tuliodai serikali ifungue mafaili yake. Haifai basi tujifunze kufuta kisha tufute vitabu vya hesabu za michango, au kumbukumbu za mkutano zinazotuaibisha, au nyaraka ambazo mahakama imeziagiza. Kufanya hivyo ni kuvunja sheria, na ni kuiga wale tuliowapinga. Mfalme Yehoyakimu alilichoma gombo la nabii Yeremia ili ukweli unyamaze, naye Baruku akaliandika upya. Sisi tuwe upande wa Baruku. Tunaposafisha diski, nia yetu iwe kumkinga mnyonge aliyetuamini. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inaagiza kwamba habari za mtu zisiwekwe kupita muda unaohitajika kwa kazi iliyokusudiwa. Kwa hivyo kila kamati ikae na kutenganisha: haya ni ya historia, yahifadhiwe, haya ni ya hesabu, yakaguliwe, haya ni majina ya watu ambao kesi zao zimekwisha, yafutwe.

Tunapendekeza kila kamati iteue watu wawili, wala si mmoja, ili mmoja afute na mwenzake ahakikishe kwa kujaribu kurejesha faili. Waandike katika daftari tarehe, nambari ya diski na njia waliyotumia, kisha watie sahihi wote wawili. Hapo ndipo mfumo mpya uwekwe, au mashine itolewe.

Kuna mama fulani kijijini ambaye alisimulia yaliyompata kwa sababu alisadiki kwamba kanisa halitamwuza. Hajui diski ni nini, wala hana haja ya kujua. Sisi ndio tunaopaswa kujua.

Mungu awabariki, na ailinde nchi yetu.