Mkokoteni Hauna Paa

Mazungumzo haya tuliyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo. Wenzetu wametuomba tuyaandike, ili na wale ambao hawakufika wayasome.



Safari hii hamkutuomba tuzungumze juu ya madaftari. Mmetuomba tuzungumze juu ya mvua. Mmefanya vizuri. Kusoma kusikomsaidia mtu siku ya mvua ni kusoma nusu.

Sisi watu wa Tabora tuna msimu mmoja wa mvua. Huanza kunyesha mwezi wa Novemba hivi, na hukoma mwezi wa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika miezi hiyo tunalima. Katika miezi hiyo mbolea inakwenda shambani. Katika miezi hiyo majani mabichi ya tumbaku yanatoka shambani kwenda kwenye bani. Na mtu akiugua usiku, haulizi kama ni kiangazi au masika.

Siku hizi bodaboda zipo. Lakini bodaboda haibebi magunia kumi, wala haimbebi mgonjwa asiyeweza kukaa. Kwa hiyo kazi kubwa bado inafanywa na maksai na mkokoteni. Na mkokoteni, ndugu zetu, hauna paa.

Watu wengi hudhani shida ya mkokoteni usio na paa ni kulowa tu. Kulowa ni shida ndogo. Tuna shida nyingine tatu kubwa zaidi: matope, mto na radi. Leo tutazungumza juu ya zote. Lakini neno letu kubwa ni moja, nalo ni hili: mwenye mkokoteni hodari si yule anayevuka kila mara. Ni yule anayejua wakati wa kusimama.

NJIA YA WAZEE WETU

Tuanze na mambo ya zamani kidogo. Pale Kwihara, kilometa chache kutoka Tabora mjini, kuna nyumba ya tembe ambayo sasa ni makumbusho. Stanley na Livingstone walikaa hapo mwaka 1872. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita katika nchi hii yetu. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi. Mtu mmoja alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi, kichwani au begani, bila paa lolote isipokuwa mbingu.

Je, waliwezaje? Walijua majira. Wanyamwezi wengi walisafiri wakati wa kiangazi, na walijitahidi kurudi kabla ya mvua, kwa sababu mashamba yaliwangoja.

Wageni ndio waliojifunza kwa taabu. Stanley aliondoka Bagamoyo mwezi wa Machi 1871, wakati masika ya huko yanaanza. Alipofika bonde la Makata, karibu na Kilosa, alikuta limejaa maji. Watu wake waliugua na punda wake walikufa. Alifika Kwihara mwezi wa Juni, amechoka kabisa.

Wengine walikuwa wamisionari wa London Missionary Society. Mwaka 1876 mmoja wao, jina lake Roger Price, aliwapeleka ng'ombe wachache kutoka Saadani mpaka Mpwapwa. Ng'ombe walifika salama. Wakubwa wake wakafurahi, wakasema: basi, magari ya ng'ombe yanaweza kwenda mpaka Ujiji. Mwaka 1877 wakaleta magari makubwa na ng'ombe wengi. Mambo yakaharibika. Mbung'o waliwauma ng'ombe, wakafa wengi. Matope na milima vikamaliza nguvu za waliobaki. Mwishowe magari yaliachwa, na safari ikaendelea kwa wapagazi. Waliofika Ujiji mwezi wa Agosti 1878 walifika kwa miguu ya watu, si kwa magurudumu.

Tunajifunza nini? Kwamba njia iliyopitika mara moja si lazima ipitike tena. Njia ya Agosti si njia ya Februari, hata kama ni ile ile.

SIKU TULIYOGOMBANA NA MZEE

Sasa tuwaambie jambo lililotupata sisi wenyewe. Mwezi wa Februari mwaka mmoja tulikuwa tunapeleka vitabu na karatasi za mtihani katika kituo cha kisomo. Gari halikuweza kupita. Mzee mmoja akatupakia kwenye mkokoteni wake. Tulifika kwenye kijito kinachomwaga maji yake katika mto Igombe. Maji yalikuwa mekundu, yanakwenda mbio. Mzee akasimamisha maksai.

Tukamwambia, "Mzee wetu, tuvuke. Mtihani ni kesho asubuhi."

Akajibu, "Mwalimu, mtihani utangoja. Maji hayangoji mtu."

Tulibishana naye. Tulimwambia kwamba asubuhi ya siku ile tulisikia mtu amevuka. Mzee hakukasirika. Alifungua nira, akawaacha maksai wale majani.

Tukiwa pale, akaja kijana na mkokoteni wake. Ulikuwa mtupu. Kijana alicheka kidogo, akaingia majini. Katikati ya kijito maji yalifika kwenye sakafu ya mbao. Mkokoteni ukaelea! Ukageuka kama mtumbwi, ukawavuta maksai upande. Kijana alitaka kukata kamba za nira, lakini hakuwa na kisu. Maksai mmoja alijinasua. Wa pili alizama pamoja na mkokoteni. Kijana mwenyewe alishika mizizi ya mti, tukamtoa kwa kamba.

Tulilala palepale, chini ya turubai. Asubuhi maji yalikuwa yamepungua, tukavuka bila taabu. Tulipofika kituoni, tuliwakuta wanakisomo nusu tu. Wengine nao walikuwa wamezuiwa na mito yao. Mtihani ulifanyika siku iliyofuata. Hakuna aliyepoteza kitu, isipokuwa yule kijana. Maksai wale wawili ndio waliokuwa jembe la nyumba yao.

Sisi tulikuwa tumesoma kuliko mzee. Lakini siku ile yeye ndiye aliyesoma maji.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza: Jitayarishe kabla ya mvua.

Paka grisi kwenye ekseli. Kagua tairi na nira. Toboa matundu madogo katika sakafu ya mkokoteni, ili maji yasikae. Katika kila safari chukua vitu vinne: turubai, kamba, jembe na kisu. Kisu kikae kiunoni mwa mwendeshaji. Kisifungwe ndani ya mzigo.

Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri na tahadhari. Kama una simu, mpigie mtu aliye ng'ambo ya mto umuulize, "Huko mvua imenyesha?" Mto unaweza kujaa hapa kwako hali juu yako jua linawaka. Mvua imenyesha kule maji yanakotoka.

Pili: Funika vizuri.

Usiweke mzigo juu ya sakafu tupu. Tandika fito kwanza, ndipo uweke magunia juu yake. Kisha funika kwa turubai. Pembe za turubai zishuke nje ya mbao za ubavuni. Ukizichomeka ndani, maji yote yataingia kwenye mzigo, na utakuwa umejenga bwawa. Mbolea ikilowa hushikamana na kuyeyuka. Tumbaku iliyokaushwa ikilowa huota ukungu, na bei yake hushuka.

Kama unabeba watu, tengeneza paa dogo. Chukua fito nne au tano zinazopindika bila kuvunjika. Zipinde kama upinde, uzifunge kwenye mbao za pande mbili kwa kamba ya gome la mti au ya katani. Tandaza turubai juu, ulivute sana, maji yasituame. Lakini paa lisiwe refu kupita kichwa cha mtu aliyekaa. Paa refu hushika upepo, na upepo unaweza kuuangusha mkokoteni. Upepo ukizidi, lifungue.

Jambo moja la kukumbuka: kamba ya katani ikilowa hukaza. Angalia isiwabane maksai shingoni. Na nira ikilowa huchubua ngozi. Mkifika, wapanguse shingo kwa kitambaa kikavu.

Tatu: Heshimu matope.

Udongo mweusi wa mbugani kiangazi ni mgumu kama jiwe. Ukinyeshewa unakuwa kama ugali. Punguza mzigo. Magunia kumi ya kiangazi ni matano ya masika. Safari mbili zinazofika ni bora kuliko moja inayokwama. Ukikwama, usiwapige maksai. Shusha mzigo, chimba mbele ya magurudumu, tandika matawi, kisha waite maksai taratibu. Maksai anayepigwa akiwa amekwama huumia, na kesho hatalima.

Nne: Pima mto.

Hapa ndipo kisomo kinapookoa maisha. Kiangazi, kijiji kikate mti mnyoofu na kuusimika imara kwenye kivuko. Pimeni toka chini, mchore alama kila sentimeta 10, na muandike namba kwa rangi: 10, 20, 30, 40. Halafu mpime mkokoteni wenu: kutoka chini mpaka sakafu ni sentimeta ngapi? Maji yakikaribia namba ile, hakuna kuvuka. Sakafu ya mbao ikifikiwa na maji, mkokoteni unaweza kuelea. Na maji yakienda kwa kasi, usivuke hata kama ni haba. Maji ya kasi yanayofika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima.

Kila mtu aliyepita kisomo ataisoma namba ile. Mtoto aliye darasa la kwanza ataisoma. Hapatakuwa na ubishi, kama ule tuliobishana sisi na mzee.

Tano: Ogopa radi.

Turubai haliwezi kuzuia radi. Ukiwa juu ya mkokoteni katika mbuga, wewe ndiwe mrefu kuliko vyote. Ukiona umeme, hesabu taratibu: moja, mbili, tatu, mpaka usikie ngurumo. Kisha gawanya kwa 3. Jibu ni kilometa. Ukihesabu 15, umeme uko kilometa 5 hivi kutoka kwako. Hiyo ni karibu sana. Hata ukihesabu 30, acha safari.

Shuka, wafungue maksai, uende kwenye nyumba iliyo karibu. Usijikinge chini ya mwembe mkubwa uliosimama peke yake. Tunajua kivuli chake ni kizuri siku ya jua, lakini siku ya radi mti huo unaita. Kaa mbali na minyororo na nyaya za uzio. Msisongamane mahali pamoja. Ngurumo ya mwisho ikipita, ngojeni dakika 30 ndipo muendelee.

Sita: Mgonjwa asilowe.

Tandika majani makavu mengi, juu yake mkeka, juu yake blanketi. Mfunike mgonjwa blanketi kavu kwanza, halafu plastiki juu ya blanketi. Uso uachwe wazi apumue. Nguo zikilowa, zivueni, mumvike kavu. Baridi inaweza kumuua mgonjwa ambaye ugonjwa wake ungepona. Kitoto kichanga kiwekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, na kifunikwe kichwa.

Na akina baba, tunawaomba sana: mama mjamzito aliyekaribia siku zake asingoje mto ujae. Kama kati ya nyumba yenu na kituo cha afya kuna kijito, mpelekeni mapema akae kwa ndugu upande wa pili. Wala isiwe aibu kuomba kwa jirani. Leo kwake, kesho kwako.

MWISHO

Ndugu zetu, wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mvua si adui yetu. Bila mvua hakuna mahindi wala karanga. Bali mvua haibishani na mtu. Wapagazi wa zamani walilijua hilo kabla ya kalamu kufika kwao. Sisi tuna kalamu, tuna namba, tuna redio. Itakuwa aibu tukishindwa kujua walilolijua wao.

Mkifika nyumbani, pimeni mikokoteni yenu. Na kivuko chenu kisimikiwe mti wa namba kabla ya Novemba.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Sakafu ya mkokoteni iko sentimeta 70 kutoka chini. Mti wa kivukoni unaonyesha 60, na maji yanaendelea kupanda. Mtafanya nini? Kwa nini?

2. Mmeona umeme, mkahesabu mpaka 12 ndipo ngurumo ikasikika. Umeme uko kilometa ngapi?

3. Katika kijiji chenu ni kivuko gani cha hatari zaidi? Nani atasimika mti wa namba, na lini?

4. Yule kijana amepoteza maksai mmoja na mkokoteni. Kama angekuwa jirani yenu, mngemsaidiaje alime msimu ule?