Aliyeitikia "Nipo"



Nikiwa darasa la nne, nilimwitikia jirani yangu wa dawati kwa muhula karibu mzima. Mwalimu akilifikia jina lake, mimi nainamisha kichwa na kukaza sauti: "Nipo!" Mwenyewe yuko sokoni anamsaidia mama yake kuuza ndizi. Siku tuliyokamatwa tulichapwa sote wawili, ila wino ulishakauka kwenye rejista. Kwa serikali, mwenzangu alihudhuria.

Jioni hii nataka tuitazame serikali inapomwitikia mtoto yenyewe. Nimechagua Marekani, kwa kuwa kule elimu ni kazi ya majimbo na kila jimbo lina hesabu yake. Massachusetts ilipotunga sheria ya mahudhurio ya lazima mwaka 1852, ilitaka wiki 12 tu kwa mwaka, sita kati ya hizo zifuatane. Leo Texas inataka dakika 75,600. Zigawe kwa siku 180, unapata dakika 420, yaani saa saba kamili. Ukiisoma sheria, utakuta mapumziko yamo humo humo. Sina ugomvi na hilo. Kugawana mihogo uwanjani kulinifunza sehemu kabla ya ubao.

Ugomvi unaanza dakika zinapogeuka fedha. California huzigawia wilaya zake za shule fedha kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, mtoto aliyelala na homa, akiwa na barua ya udhuru, alihesabiwa amehudhuria. Jimbo zima likamwitikia! Kisha sheria ikageuzwa: barua iwepo isiwepo, asiyefika haleti fedha. Lakini watoto watatu wakiugua katika darasa la 30, mshahara wa mwalimu haupungui kwa sehemu ya kumi, wala basi halinywi mafuta kidogo. Shule ya mtaa wa maskini, ambako watoto huugua zaidi na kuhamahama zaidi, ndiyo inayoumia.

Michigan nayo huipa uzito mkubwa siku moja, Jumatano ya kwanza ya Oktoba. Siku hiyo utaona shule zikigawa piza na zawadi ili watoto wasikose. Alhamisi hakuna piza.

Turudi Texas. Kule wilaya hupanga saa maalumu ya kuhesabu. Mtoto akiingia baada ya saa hiyo, bila udhuru unaokubaliwa na kanuni, ataandikwa hayupo hata akisoma hadi kengele ya mwisho. Majuzi nilimsimulia habari hii yule mwenzangu wa ndizi. Alicheka, kisha akauliza kama watoto wa kule hawana wa kuwaitikia.